Samaki Asiyeliwa, kwa Bei ya Mbuzi Wawili

Naipingo, kwa mkono wa Jumbe,
Nachingwea, Jimbo la Kusini.
14 Agosti, 1951

Bwana Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri na umekwisha kunywa chai, maana si barua ya kusomwa na mtu mwenye njaa. Mimi ni Lukumani bin Shaibu, mkulima wa ufuta na mihogo, na sasa nimeanza na mikorosho. Gazeti lako nalisoma tangu mwaka ule Wazungu wa mradi wa karanga walipoanza kung'oa miti hapa kwetu. Nalisoma lote, hata matangazo ya dawa za tumbo, kisha nawasomea jirani zangu wasiojua kusoma, na habari ikiwa fupi nawaongezea. Kwa hiyo usinione mtu wa hovyo anayeandika kwa hasira. Hasira ninayo, lakini nimeingojesha mpaka nikapata karatasi safi.

Malalamiko yangu ni juu yako wewe mwenyewe. Kila mwezi unatupa bei: ufuta kiasi gani kwa frasila, nta kiasi gani, ngozi ya mbuzi kavu kiasi gani, mbichi kiasi gani. Lakini bei ya samaki wa pambo hujaiandika hata mara moja. Nimepekua magazeti yote niliyonayo, na yale ambayo dada yangu alikuwa amekwisha kufungia chumvi nikayafungua, chumvi ikamwagika, tukagombana. Sikuona kitu. Kwa upungufu wako huo ndoa ya mpwa wangu imekwama, nami nimefanywa kichekesho kutoka Naipingo hadi Chunyu.

Jambo lenyewe ni hili. Mpwa wangu Ashura, mtoto wa dada yangu Biasha, amechumbiwa na kijana Yunusi wa Chunyu, upande wa Ruangwa. Mahari yake mwenyewe Ashura imekwisha kutolewa, hilo halina neno. Iliyobaki ni haki yangu mimi mjomba. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye mpwa. Baba yake tunamheshimu na tunampa kiti, lakini mjomba asipotamka, hakuna pilau inayopikwa. Tulipatana mbuzi watatu, mbele ya mshenga, mzee Jumaa. Yunusi akaleta mbuzi mmoja, jike, mzuri, sina la kusema. Halafu badala ya wawili waliobaki akaleta bakuli la kioo, ndani yake maji, na ndani ya maji samaki mwekundu. Akasema huyu anasimama mahali pa mbuzi wawili.

Utauliza kijana wa Chunyu kampata wapi samaki wa namna hiyo. Yunusi alikuwa boi wa Mzungu mmoja wa karanga. Kazi ilipofifia na Wazungu wakafungasha, yule bwana hakupata njia ya kumrudisha samaki kwao, akamwachia Yunusi pamoja na bakuli lake, iwe ndiyo bakshishi yake ya kumfulia na kumpikia miaka yote ile. Akamwambia ni samaki wa thamani kubwa. Alisema hivyo akiwa amekwisha kuvaa kofia, mguu mmoja uko ndani ya gari. Tangu siku hiyo Yunusi ameling'ang'ania neno hilo kama hati ya Serikali.

Na jambo halina nafasi ya kungoja. Yunusi amepata kazi bandarini Mtwara, lori litamchukua mwisho wa mwezi huu. Likimkuta ameoa, wataondoka wawili. Likimkuta hajaoa, ataondoka peke yake, na mtu akienda Mtwara hujui atarudi na nani. Ashura ameniambia mbele ya mama yake kwamba ikiwa hivyo, mimi mjomba wake nisimtazamie kucheka tena maisha yake yote. Kwa hiyo nakuandikia hoja zangu kwa namba. Zisome kwa utulivu, kisha utoe bei.

1. Ukubwa wake. Nimempima mwenyewe kwa nje ya kioo. Ni kidole changu cha kati, kutoka ncha mpaka kifundo cha pili, na hapo nimemhesabia mkia, ambao ni mrefu kupita haki na mwembamba kama kanga iliyofuliwa sana. Sokoni Nachingwea samaki wa kiasi hicho hauzwi peke yake. Anawekwa kwenye fungu pamoja na wenzake, na mnunuzi mwenye akili bado anaomba nyongeza.

2. Sikutaka iwe maneno yangu tu. Nilimbeba mpaka sokoni kwa Mikidadi, muuza samaki, wabichi na wale wakavu wa ng'onda. Mikidadi samaki anawajua. Akibonyeza tumbo anakwambia huyu kavuliwa lini na kapita njia gani kuja huku. Taabu ni kwamba samaki wote aliowahi kuwapima maishani mwake walikuwa wamekufa. Alikunja mkono wa kanzu, akamtoa majini, akamfunua mashavu kwa kidole gumba ili atazame wekundu wa ndani, kama afanyavyo siku zote. Samaki akampiga mkia wa pua na kujirudisha mwenyewe bakulini. Mikidadi akajifuta uso, akatangaza mbele ya watu kwamba samaki ni mbichi, hilo yuko tayari kuliapia, lakini hana nyama, na bei yake ni senti tano bila bakuli.

Nilifurahi sana. Hiyo ndiyo bei niliyoifuata. Lakini Mikidadi hakunirudishia bakuli. Alikaa anamtazama samaki mpaka wateja wawili wakasusa wakaenda zao, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningemwachia hata mpaka kesho. Nilikataa, kwa sababu pale kwake paka ni wengi.

3. Mshenga Jumaa amehamia upande wa kijana, jambo ambalo si kazi ya mshenga. Hoja yake ni kwamba samaki huyu alikuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam, amepakatwa na bibi wa Kizungu, na kitu kilichopakatwa hivyo hakiwezi kuwa cha senti tano. Nimemjibu kwamba makatapila ya karanga, yale ya kung'olea miti, yalikuja kwa meli, yakashushwa, yakapandishwa treni, yakapokelewa na watu wamevaa tai, na leo yamelala porini na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Jumaa aende basi akayauze kwa mbuzi wawili wawili tuone. Akasema kwamba katapila halikujii pale pembeni ya kioo ukiingia chumbani. Hilo si jibu, Bwana Mhariri. Naliandika ili ujue ninabishana na watu wa namna gani.

4. Mbuzi huzaa. Huyu yuko peke yake, na wala hatujui kama ni dume au jike. Nimemwangalia asubuhi na jioni bila kupambanua. Mbuzi hutoa samadi. Mbuzi akipotea utamtafuta kwa sauti yake. Idi ya kuchinja inakaribia, mbuzi nitamchinja na jirani wote watapata nyama; samaki wa kidole nitamgawaje, na nani atapewa paja? Mbuzi akifa hubaki ngozi, na bei ya ngozi unaiandika wewe mwenyewe. Huyu akifa, na mimi simwombei hivyo, Mungu amweke, hakitabaki kitu ila bakuli na watu waliozoea kuliona lina mtu ndani.

5. Gharama zake. Kiangazi hiki kisima cha karibu kimekauka, maji yanatekwa bondeni. Na huyu bwana hataki maji ya jana. Dada yangu Biasha amesema wazi kwamba yeye hateki maji ya kumwogesha kitoweo. Kwa hiyo nateremka mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, debe begani. Wanawake pale bondeni wananipisha mbele kwa heshima, shikamoo nyingi, halafu nikigeuka nasikia wanavyojizuia.

Chakula nacho ni balaa. Ugali hataki. Muhogo nilimpa, akauonja, akautema mbele yangu. Anakula makombo ya maandazi, na mchwa aliyesagwa laini. Umewahi kusaga mchwa, Bwana Mhariri? Anakimbia. Tena bakuli haliwezi kukaa juani maana maji yanapata moto, wala upenuni maana kuna kuku, wala jikoni maana kuna moshi. Nimelazimika kumhamishia chumbani kwangu, kwenye kile kijimeza ambacho marehemu mke wangu alikuwa anawekea taa. Taa sasa iko chini. Yote haya nayahesabu kuwa hasara, na naomba yatolewe katika bei.

6. Ametuharibia adabu ya nyumba. Watoto wanamwita Bwana Afisa, kwa sababu amevaa vizuri, anazunguka kutwa, mdomo unafunguka na kufungika, na hakuna anayejua kazi yake. Nimewakataza. Lakini nao wananiuliza, basi tumwite nani, nami sina jina la kuwapa. Kwa hiyo nami nasema Bwana Afisa, lakini kwa masharti tu, mpaka bei itakapojulikana.

7. Wageni. Habari zimeenea, na watu wanakuja kutoka Nambambo, na wengine mbali zaidi, kumtazama. Wanaingia, wanachuchumaa, wanakaa. Mgeni akikaa anapewa uji, na uji wa mgeni unatiwa sukari. Mzee mmoja alikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri akilitazama bakuli, alipoondoka akanishukuru kama niliyemtibu. Jumaa anasema huo ndio ushahidi wa bei: watu wanatembea kutoka Nambambo kuja kumtazama samaki, wala hakuna aliyewahi kutembea kuja kumtazama mbuzi wa Lukumani. Nimemwambia kwamba mwaka juzi lori lilipopinduka pale mtoni watu walikuja wengi kuliko hao, na hakuna aliyesema tulinunue.

Na hapo hapo niandike neno jingine, ingawa si hoja. Biasha anasema mimi sina ugomvi na samaki. Anasema sitaki Ashura aende Mtwara, ndiyo maana natafuta kasoro ndani ya maji. Anasema tangu nifiwe na mke wangu nimezoea huyu mtoto kuniletea chakula na kunisimulia habari za mtaa mzima wakati ninakula, na kwamba Yunusi angeleta hata mbuzi watatu wa fedha ningesema wana kikohozi. Biasha ni dada yangu mkubwa, simjibu. Nawe usilichape.

8. Sasa naomba utulie, maana nimefika mahali pa hatari. Tuseme tumekubali: samaki wa kidole ni mbuzi wawili. Basi kambale wa mto Mbwemkuru, mwenye urefu wa mkono na masharubu juu, atakuwa mbuzi wangapi? Nilipiga hesabu hiyo uani kwa kijiti, na uwanja ukaisha hesabu bado. Mikidadi na tenga lake moja la ng'onda ataweza kuinunua Nachingwea pamoja na stesheni yake. Vijana wataacha ufuta, wataingia mtoni na leso. Mjomba mwenye wapwa wengi atalipwa ndoo moja, aende nayo. Samadi haitakuwepo, mihogo itadumaa, fedha ya kodi itakosekana, na Bwana Shauri wa wilaya atakapokuja kuuliza kodi iko wapi, watu watamwonyesha bakuli. Atainama atazame. Atakaa mpaka adhuhuri kama yule mzee. Kisha itambidi aandike kwa Gavana, naye Gavana aandike Uingereza, na huko wakubwa wataulizana mambo haya yameanzia wapi, na wataambiwa ni Naipingo, kwa Lukumani bin Shaibu. Sitaki jina langu lifike huko kwa njia hiyo.

Kwa hayo yote naomba mambo matatu, na wala si makubwa.

La kwanza, katika gazeti lijalo, chini ya nta na juu ya ngozi, uchape kwamba bei ya haki ya samaki wa pambo ni senti tano. Ukitaka kuwa karimu, andika sumuni pamoja na bakuli. Usizidishe hapo.

La pili, kama huiamini bei ya Mikidadi, uiombe Serikali ituletee mtaalamu wa samaki walio hai. Awe mtu asiyependa kukaa sana. Atakula kwangu.

La tatu, uandike kwa herufi nene kwamba Yunusi wa Chunyu anatakiwa alete mbuzi wawili kama tulivyopatana, na siku hiyo hiyo amchukue samaki wake aende naye, bila maneno. Mimi nikiona mbuzi wawili, nitatamka, na Ashura ataolewa. Si mtu mgumu mimi. Nataka kilichosemwa kiwe ndicho kilicholetwa, basi.

Nimefika mwisho, vidole vinaniuma. Nisalimie wapiga chapa wako wote, na yule anayeandika bei za mazao msalimie pia ingawa nimemkasirikia. Msalimie na mama watoto. Huku kwetu wote hawajambo: Biasha anakusalimu, Mikidadi anakusalimu, Jumaa anakusalimu ingawa sikumruhusu. Ashura kwa sasa hasalimu mtu. Samaki mzima wa afya, leo asubuhi amekula maandazi yote.

Ni mimi niliyepunjwa, mwenye kutumaini haki yako,

Lukumani bin Shaibu

Nyongeza. Leo ni Alhamisi. Barua nilikuwa nimekwisha kuifunga na kuibandika stempu, nangoja dereva wa lori la Nachingwea anipelekee posta, nikamwona Yunusi anakuja na Jumaa, na nyuma yao mbuzi wawili. Ameuza baiskeli yake ili awanunue. Aliwafunga kwenye nguzo, akavua kofia, akaniamkia shikamoo mjomba, akasema hataki tena maneno na mtu aliye kama baba yake, haki yangu ndiyo hii. Niliwakagua wale mbuzi meno, macho na kwato. Hawana hata kikohozi.

Basi akaingia chumbani kumchukua samaki wake. Nilisimama mlangoni nikisema moyoni, Lukumani, umeshinda. Alipoliinua bakuli maji yakayumba, na yule samaki akageuka, akaja upande wangu mpaka pua ikagusa kioo. Sijui nilifikaje pale mezani. Nilijiona tu nimeshika ukingo wa pili wa bakuli, Yunusi ameshika ukingo wake, na hakuna anayeachia. Ashura alikuwa mlangoni anatutazama. Si samaki aliyekuwa akimtazama, alikuwa akinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu Idi iliyopita alikuwa anataka kucheka. Nikasikia uchungu, Bwana Mhariri, siwezi kukuficha. Niliona kwamba wawili hawa, Ashura na samaki, wakiondoka siku moja, chumba kile kitabaki na meza tupu na mimi.

Nimetamka. Ndoa ni Ijumaa ijayo. Mbuzi wawili nimemwambia awarudishe alikowanunua akaikomboe baiskeli, Mtwara ataihitaji. Na yule jike wa kwanza nimempa Ashura aende naye, asije akafika kwa watu mikono mitupu. Samaki abaki. Jumaa, kwa kuwa ni mshenga, aliniuliza kwa sauti aseme nini mbele ya wazee kuhusu haki ya mjomba, nami nikasema aseme imelipwa yote. Biasha alicheka mpaka akakaa chini.

Barua nimeifungua kuongeza haya tu, siiandiki upya, kwa sababu stempu ni stempu. Ila pale niliposema senti tano, futa. Andika hivi: bei ya haki ya samaki wa pambo, Naipingo, ni mbuzi watatu. Na mtu akija ofisini kwako na wanne, mwambie huyu wa kwangu hauzwi.